Nani Atamsimamisha Mama

Jumatatu, 3 Machi

Uji tena. Nimemwekea Mama kijiko katika mkono wa kushoto kama Apolot alivyoagiza. Akakishika, akatazama dirisha. Uji ukapoa. Neema mgongoni analia, meno yanamtoka. Mwishowe nimeunywa mimi, nimesimama.

Wiki ya tatu hii katika wadi ya Tororo. Kiharusi kilimkuta sokoni Busia akiwa anapima karanga. Upande wa kulia wote ukalala. Mdomo umepinda kidogo ila maneno yamebaki yote, na ukali wake wote. Anasema afadhali Mungu angechukua mdomo akamwachia mkono. Mkono unafanya biashara, mdomo unaleta ugomvi tu.

Apolot ndiye fizio, yaani anayewafanyisha wagonjwa mazoezi. Msichana wa Kiteso, mdogo kuliko mimi. Sheria yake moja: usimfanyie mgonjwa kile anachoweza kujaribu mwenyewe. Kuielewa ni rahisi. Kuketi na kumtazama mama yako akimwaga uji kifuani, hiyo ndiyo kazi.

Jumatano, 5 Machi

Chumba cha mazoezi. Vyuma viwili vya kushikia, kioo kikubwa, ngazi ya mbao isiyokwenda popote. Mama hakipendi kioo. Amemwambia Apolot akifunike, yule mwanamke aliyemo ndani amemchosha.

Kuna mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu wa kambi ya Rubongi. Tunamwita Sajini. Leo ameketi pembeni akisubiri zamu yake, anatoa amri kama yuko kwenye gwaride.

"Mama, simama kama askari."

"Askari gani wewe? Mguu mmoja umeuacha wapi?"

"Sukari ilichukua."

"Basi nyamaza. Mwenye miwili anajaribu."

Chumba kizima kilicheka. Na mimi nilicheka. Kisha akajaribu na goti la kulia likakunjika. Apolot alimdaka. Tumerudi wadini na kiti cha magurudumu.

Nakichukia kile kiti. Ila alipokaa ndani yake nilifurahi, maana ningepumzika. Nimeona haya.

Jumapili, 9 Machi

Wageni kutoka kijijini kwetu, Sop Sop. Shangazi, dada wa marehemu Baba, na wanawake wawili wa kanisani kwake. Kuku wa kuchemsha, ugali wa wimbi, mafuta ya kumpaka. Siwezi kusema hawampendi. Wamempenda mpaka wamemharibia wiki nzima.

Walipoingia Mama alijifanya amelala. Najua sababu. Hawezi kumpa mtu mkono wa kulia, na wa kushoto ni tusi. Kwa hiyo amelala mgeni asije akanyoosha mkono. Shangazi akamwinua mabegani, mwingine akashika miguu, wakampandisha kwenye mito kama gunia. Wakamlisha. Tonge baada ya tonge, na Mama anafungua kinywa kama kinda. Kwangu anakataa kijiko. Kwao anakula, kwa sababu mbele ya wageni hatakula na mkono wa kushoto hata kwa kufa.

Nikamwambia Shangazi kwa upole kwamba daktari anataka ajilishe. Akanitazama.

"Mwanangu, mama yako alikulisha miaka mingapi?"

Nikakusanya mifupa ya kuku. Baada ya maombi waliondoka wakilia.

Jumanne, 11 Machi

Apolot ameniita nje, karibu na bomba. Anasema Mama anaweza kurudi kusimama na kutembea na fimbo, mguu una uhai. Lakini vitanda ni vichache na wengine wanasubiri. Hataki kumtoa bila mtu nyumbani aliyefunzwa kumsimamisha kila siku. Mtu mwenye nguvu. Akikosekana kufikia mwisho wa wiki ijayo, kitanda kinaenda kwa mwingine na Mama anarudi kama alivyo.

Kama alivyo maana yake kitandani.

Mimi siwezi. Neema alitoka kwa kupasuliwa, na mshono ulifunguka mara moja kwa sababu ya ndoo ya maji. Apolot alinikataza hata kujaribu. Akauliza mume wangu anafanya kazi gani. Nikasema fundi wa kuchomea, anatengeneza milango ya chuma Busia upande wa Kenya. Akatabasamu. "Basi tumempata."

Yeye Mteso, anajua mila. Lakini ni kijana wa hospitali, labda amesahau kidogo. Mume wangu Wandera hajawahi kumshika Mama mkono. Hajawahi kula mbele yake. Mama akipita njiani kwetu, Wandera anapinda kona. Wote wawili wanafanya hivyo, na kwetu ndiyo heshima ya mkwe na mama mkwe. Mama hajalala chini ya paa letu hata usiku mmoja. Nilipojifungua alikuja kila asubuhi kutoka chumba chake cha kupanga upande wa Uganda, akavuka mpaka, na jioni akarudi, hata mvua haikumzuia.

Sasa nimwambie mkwe amkumbatie kiunoni. Nitamwambiaje.

Jumamosi, 15 Machi

Ameanguka.

Niandike kwa utaratibu. Nilikuwa bombani nafua. Neema nimemlaza kwenye kanga kivulini. Wandera amekuja na sabuni na sukari bila kupiga simu. Amesimama mlangoni mwa wadi ya wanawake, hakuingia, amebisha tu na kuniita. Mama akaisikia sauti yake. Hana kitambaa kichwani, shuka limemtoka magotini. Akataka kujifunika. Akataka kuinuka akae vizuri, kwa sababu mkwe amefika. Akasahau kwamba upande mmoja haupo.

Mwanamke wa kitanda cha pili ndiye aliyepiga kelele. Mimi nilifika na mapovu mikononi. Mama yuko sakafuni kwa ubavu, anavuta pindo la gauni chini kwa mkono wa kushoto. Hilo ndilo alilokuwa anafanya. Hajali maumivu, anavuta gauni.

Na Wandera hayupo. Alimwona anaanguka, akageuza uso, akakimbilia manesi.

Hakuna kilichovunjika, picha imeonyesha. Bega limevimba.

Jumapili, 16 Machi

Nimegombana na Wandera kwenye simu. Nilimwambia hata mbwa wa jirani angemsogelea. Maneno mabaya, na nilikuwa nayataka yawe mabaya.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ningeshika wapi, Mama Neema?"

Nikakata simu. Nimekaa nyuma ya jiko la wagonjwa nikimnyonyesha mtoto na kulifikiria lile swali. Angeshika wapi kweli. Kwapani? Kiunoni? Mama mwenyewe angekubali kufa sakafuni kuliko kuinuliwa na mkwe. Hakuna mwenye kosa hapa, na hilo ndilo linaloniudhi. Natafuta wa kumkasirikia simpati.

Jumanne, 18 Machi

Mama hataki kuinuka. Siku ya pili. Apolot anakuja na kiti, Mama anafumba macho. Anasema mwili umeshamwambia vya kutosha.

Nimemwacha na njaa mchana. Nimeweka sahani kwenye meza yake, kijiko kushoto, nikatoka. Niliporudi hajagusa. Nikaichukua sahani nikaiosha. Jioni nikafanya vilevile. Mwanamke wa kitanda cha pili amenitazama kwa macho ya kunihukumu. Ahukumu. Baada ya muda nimesikia kijiko kinagonga sahani. Nilikuwa nimegeukia ukuta nikikunja nepi. Sikugeuka.

Amemwaga nusu. Nusu amekula.

Alhamisi, 20 Machi

Kaka Ochwo amekuja kutoka Nagongera anakofundisha. Viatu vimepigwa rangi. Amepata habari za kuanguka kutoka kwa Shangazi. Anasema inatosha. Jumamosi anakuja na gari kumchukua Mama nyumbani Sop Sop.

Nilimuuliza nani atamsimamisha kule.

"Asimame aende wapi? Mama amefanya kazi maisha yake yote. Apumzike, ahudumiwe."

Nani atamgeuza, nani atamwosha? Wapo wanawake, anasema, Shangazi yupo. Shangazi mwenyewe anatembea na mgongo umekunjika. Nilimwambia nimeshaona wanaopumzishwa. Bibi mzaa Baba alipumzishwa kwenye mkeka mpaka mgongo ukatoka vidonda, na watu wakija wanasema anahudumiwa vizuri, nyumba imefagiwa.

Akasema ninamtesa Mama ili nijisikie nimesoma. Mimi niliyeachia kidato cha pili. Yeye ndiye mwalimu.

Anampenda, najua. Alimshika mguu ule uliolala akaupangusa vumbi kwa leso yake ya mfukoni. Halafu akatoka haraka.

Mama alisikia yote. Hakusema lolote. Hilo linanitisha kuliko matusi.

Ijumaa, 21 Machi

Mwisho wa wiki umefika na sina mtu. Nimeuliza mpaka binti wa jirani Busia, ana mtihani. Nimempigia Wandera. Sikuomba msamaha, wala yeye hakuomba. Nilisema tu, kesho wanamchukua, njoo. Akasema aje kufanya nini? Nikasema sijui, njoo.

Leo Apolot alikuwa anamfundisha mgonjwa wa kitanda cha pili kusimama. Ule mkanda mpana wanaowafunga wagonjwa kiunoni umekatika kifungo. Akachukua leso ya yule mwanamke, ile kanga yake ya kujifunga, akaikunja mara kadhaa, akaizungusha kiunoni na kufunga fundo kubwa mgongoni. Akashika fundo akamnyanyua. Hakumgusa. Mkono uko kwenye leso tu.

Mama alikuwa anatazama. Nilimwona. Alitazama mpaka yule mwanamke akarudi kitandani, kisha akaniomba maji. Akashika kikombe mwenyewe.

Jumamosi, 22 Machi

Nina usingizi lakini niandike leo leo.

Gari lilifika asubuhi. Ochwo, Shangazi, na godoro nyuma. Wandera alikuwa ameshafika kabla yao. Amekaa bombani na shati la kanisani, hasogei. Nilianza kufunga vitu vya Mama. Mikono yangu ilifunga, kichwa hakikutaka. Neema anatambaa chini ya kitanda anakula sabuni.

Mama akasema, "Wewe Athieno, acha hiyo. Ita Apolot. Na ita mkwe."

Shangazi akadhani kiharusi kimerudi. "Mkwe yupi?"

"Mimi nakuwa na mkwe mmoja tu. Yule anakaa bomba kama anangoja kukinga maji."

Apolot akaja. Mama akamwambia afunge leso kama jana. Vile vile, fundo nyuma. Akataka soksi, akataka viatu, akataka kitambaa cha kichwa, akataka gauni refu juu ya lile la hospitali. Nilimvisha. Alikuwa anapumua kama amepanda mlima. Kisha akamwambia Shangazi, kwa ule mdomo uliopinda, polepole ili wote tusikie:

"Yeye anashika nguo. Nguo si ngozi yangu. Hiyo leso nilinunua na pesa yangu Busia, hata fundi wa cherehani alishika."

Nimemjua Mama mpakani maisha yangu yote. Barabara kubwa ikifungwa, anajua njia ya pembeni. Sikujua kwamba anaweza kuipata na hapa.

Shangazi alilitazama lile fundo. Halafu akasema yeye hajaona na hataona. Akajifunika shali kichwani, akageukia ukuta. Baadaye akaongeza kutoka ndani ya shali kwamba itabidi kijana atoe mbuzi wa faini, na mbuzi mwenyewe asiwe mwembamba.

Ochwo alisimama mlangoni. "Mama, unajidhalilisha."

"Ochwo, mimi nakunya kitandani wiki tano sasa. Hiyo ni heshima?"

Ochwo akasogea kando ya mlango.

Wandera akaingia. Namjua ni mtu wa kubeba geti la chuma peke yake, lakini alisogea nusu hatua nusu hatua. Alishika fundo kwa mikono miwili, uso ameuinua juu.

Apolot akamkemea. "Tazama miguu yake, si dari."

"Miguu ya mama mkwe?"

"Basi tazama viatu."

Akatazama viatu. Apolot akahesabu, Mama akajisukuma kwa mkono wa kushoto, na akapanda. Goti likatikisika. Wandera hakuvuta, alishika tu, kama Apolot alivyomwonyesha. Akasimama. Si kwa muda mrefu. Jasho lilimtoka mpaka kidevuni. Akakaa. Kisha akasema, "Tena."

Ya pili alishindwa. Ya tatu alisimama.

Ochwo ameondoka na godoro lake. Shangazi aliniaga. Ochwo hakuniaga. Aliniambia mlangoni kwamba Mama akianguka tena nisimpigie simu. Ni kaka yangu wa pekee. Nimelia kidogo, halafu mtoto akataka kunyonya.

Jumanne, 25 Machi

Apolot ametuongezea siku kumi kwa sababu ya mafunzo. Wandera anakuja asubuhi, anarudi kazini mchana. Wateja wanalalamika.

Wanafanya kazi bila kuongea. Yeye na Mama hawajabadilishana neno. Wanaongea kupitia kwangu ingawa sote tuko hatua moja.

"Mwambie asivute kushoto."

"Mwambie sijavuta."

"Mwambie mimi najua nani alivuta."

Sajini anapiga makofi kwa mbali. Leo Mama alimwambia anyamaze, na alimaanisha. Siku mbaya. Mguu haukutaka.

Ijumaa, 28 Machi

Mama amemuuliza Apolot habari za mkono. Moja kwa moja, mkono huu utarudi lini.

Apolot hakumdanganya. Alisema mguu utaendelea, lakini mkono haujaonyesha dalili, na yeye hawezi kuahidi. Huenda usirudi.

Nilitaka kumpiga. Kisha nilitaka kumshukuru. Mama aliuchukua ule mkono wa kulia kwa wa kushoto, akauweka mapajani, akaufunika na shuka. Alilia bila sauti. Nilikaa naye. Sikusema Mungu yupo, sikusema itakuwa sawa. Nilimfuta pua kwa sababu hilo tu hakuweza kulifanya wakati ule.

Baadaye aliniambia hatauza tena. Mizani nimpe mwenzake wa sokoni. Nimesema tutaona. Akasema, "Hapana tutaona. Mpe."

Alhamisi, 3 Aprili

Tumetoka. Mvua tangu Tororo mpaka mpakani.

Wandera amekirekebisha kile chumba cha nyuma tulichokuwa tunaweka makaa. Paa lake peke yake, ukuta wake. Mlango ameuhamisha, sasa unatazama mgomba, hautazamani na wa kwetu. Ndani kuna kitanda kifupi kama cha hospitali. Kutoka mlangoni mpaka choo amechomelea bomba la chuma la kushikia, upande wa kushoto, limepakwa rangi nyekundu ya mageti. Hakuniambia. Nilimuuliza alilifanya lini. Akasema usiku, usingizi ulikuwa hauji.

Mama alilitazama lile bomba. Aliniambia nimwambie lina kona kali mwishoni.

Wandera ameshalipiga tupa, kona imelainika.

Mbuzi amepelekwa Sop Sop. Shangazi ametuma habari kwamba ni mwembamba. Ochwo hajapiga simu.

Jumapili, 6 Aprili

Sikwenda kanisani. Mvua iliacha mchana.

Nimepika maharage na ndizi. Sahani moja nimempelekea Mama chumbani mwake, nikafunga mlango nyuma yangu. Nyingine nimempelekea Wandera sebuleni. Hawawezi kula pamoja, na leso haikubadilisha hilo. Sitaki ibadilishe. Ugomvi wa kutosha nimeshauona.

Neema amelala. Nimekaa uani kwenye kigoda na sahani yangu, jua limetoka kidogo, nguo zinatoa mvuke kwenye kamba. Mgongo unaniuma. Kazi ni ileile kesho na keshokutwa, na sijui itaisha lini.

Nilikuwa katikati ya kula niliposikia kitanda cha Mama kinalia. Kisha fimbo. Kisha mguu mmoja, na ule mwingine unaburuzwa. Wandera naye alisikia, maana kijiko chake kilinyamaza kule ndani.

Fimbo ikasimama. Kimya kirefu. Ikaendelea.

Sikuinuka. Nilimaliza chakula changu.